Kapu la Kwanza la Mwanamkasi

Mwanamkasi anaweka kichwa juu ya sanduku la kadi kwa dakika tano tu, na kabla ya dakika ya kwanza kwisha, rafu iliyo mbele yake inafunguka katikati kama kabati la nguo. Hashangai. Amesomea ukutubi Bagamoyo miaka miwili, stashahada yake iko ukutani kwenye fremu, na anachojua yeye ni kwamba rafu ikifunguka, mtu aende akaangalie nani kaifungua bila ruhusa. Anakaza kilemba, anaingia.

Tuseme kwanza amelala wapi, maana ndoto haina adabu ya kujieleza. Amelala chumba cha nyuma cha maktaba, katika mji mdogo wa Nova Scotia, Kanada, saa nane mchana, mwezi wa Oktoba. Saa kumi wageni wanakuja kuzindua rafu aliyoipanga mwezi mzima, rafu ya kujifunzia Kimi'kmaq, lugha ya wenyewe wa nchi ile, waliokuwako kabla ya meli ya kwanza ya wageni kutia nanga. Kuna kadi za maneno, mabango yanayosema ukiyabonyeza, nyimbo za ngoma, vitabu vya watoto, na bakuli la mbao la mchezo wa waltes pamoja na vipande vyake vya mfupa. Vyote amevifungia ndani ya kabati la kioo visije vikachakaa. Anayekosekana ni Kiju'. Maana yake ni bibi, na ndivyo mji mzima unavyomwita mzee Bernadette, mwenye sauti ile inayosema katika kila bango, ambaye ndiye aliyemfundisha Mwanamkasi kusuka kapu la mbao zilizochanwa nyembamba kama ukindu. Kapu lilipokwisha lilikuwa limelalia upande mmoja, na binti yake Tausi aliuliza, mama, hilo ni kapu au kiatu? Kiju' yeye alisema neno moja tu: la kwanza halikai na msusi, la kwanza hutolewa. Mwanamkasi akajibu, Kiju', nimejikata vidole vitatu, nitoe bure? Akalitia kabatini, akabandika lebo, USIGUSE. Kiju' hakubishana. Alivaa koti lake akaondoka, na wiki mbili sasa haonekani, simu hapokei. Kwenda kwake kubisha hodi Mwanamkasi hajaenda, kwa sababu angekwenda angelazimika kusema amekosea. Na bila Kiju' rafu ile ni mbao na gundi.

Basi yuko barabarani. Barabara haina mwisho, na pembeni hapana miti, ni rafu, na ndani ya kila rafu kuna barabara nyingine, na kwenye barabara hiyo kuna mwanamke mwenye kilemba anayekwenda mbio, ambaye ni yeye. Anafika kwenye mji. Nyumba ni za kioo, kanisa la kioo, na watu wako nyuma ya vioo wanafumbua vinywa na sauti haitoki, hata mbwa yuko nyuma ya kioo na shingoni ana lebo, USIGUSE. Mwandiko anautambua. Ni wake, na ameuandika vizuri kweli. Kwenye njiapanda amekaa mtu juu ya kigoda, amevaa kofia ya wanawake wa Kimi'kmaq, ile ndefu yenye ncha na shanga, na chini ya kofia hakuna uso. Pako laini kama yai. Shikamoo, anasema Mwanamkasi, kwa sababu uso haupo lakini umri unaonekana mabegani. Marahaba, mwanangu. Kitendawili. Sina nafasi ya vitendawili, bibi, namtafuta Kiju', wageni ni saa kumi. Kitendawili, anarudia asiye na uso, kwa upole wa karani aliyekwisha kufunga dirisha. Haya, tega, ila upesi. Nikikifungia kinakufa, nikikigawa kinazaa. Ndizi. Siyo. Kuku. Kuku ukimfungia hafi, mama, hutaga humo humo. Hamira basi. Umesogea, lakini siyo. Nipe mji.

Kwao Muheza ndiyo desturi, ukishindwa kitendawili unatoa mji, na Mwanamkasi si mtu wa kuvunja desturi iliyo upande wake au isiyo upande wake, mradi haimgharimu. Chukua Toronto, anasema. Asiye na uso anaikunja Toronto, anaipima kiganjani, anaitupa nyuma ya kigoda. Huna hata shemeji Toronto. Nipe mji. Chukua Dodoma. Dodoma ulikwenda mara moja ukalalamikia vumbi siku nne. Usinipe makombo, mama. Nipe wako. Wangu sikupi, anasema Mwanamkasi, na anashika njia ya kushoto, na njia ya kushoto inapinda, inapita kanisa la kioo, inampita mbwa, inarudi kwenye kigoda. Anashika ya kulia, nayo inapinda, kanisa, mbwa, kigoda. Anarudi alikotoka, akijiambia kwamba mtu mwenye akili harudii kosa mara tatu, na mbwa anamtazama kama anayehesabu. Sasa kwenye njiapanda kuna vigoda vitatu na kofia tatu, na nyuso zisizokuwapo tatu, na wote wanasema kwa pamoja, umerudi. Nimerudi, anasema, na nyinyi mngekuwa wafanyakazi wangu ningekwisha kuwapa barua za kufukuzwa. Nipe mji, wanasema. Na saa ya kanisa inagonga, na Mwanamkasi anajua kuwa watu watafika wakute kabati limefungwa na bango linalosema kwa sauti ya mtu ambaye hakuja.

Chukueni Muheza, anasema. Anapoitaja inamtoka mdomoni nzima nzima, machungwa yamepangwa mafungu barabarani, kibaraza cha mama yake, ukili umeviringwa pembeni, na mama yake juu ya jamvi anamsema jirani kwa Kibondei, Kibondei kitamu ambacho Mwanamkasi amekihifadhi vizuri mno miaka yote hii, hakikupata mkwaruzo hata mmoja, vizuri kiasi kwamba Tausi hajui kwa lugha hiyo hata kuomba maji. Anasimama kinywa wazi. Lugha, anasema. Kitendawili ni lugha. Ndiyo, wanasema. Na kapu? Na kapu vilevile. Basi nirudishieni Muheza yangu, nimejibu. Umejibu baada ya kutoa, mama, anasema yule wa kwanza, na anaikunja Muheza kwa uangalifu, kona kwa kona kama leso ya kwendea msibani, anaitia mfukoni. Mwanamkasi angebishana, ubishi anao, lakini muda hana. Anakimbilia vioo. Anabandua lebo, anavuta milango, lebo, mlango, lebo, mlango, gundi inajaa kwenye kucha, na sauti zinatoka moja baada ya moja, pjila'si, karibu uketi, pjila'si, hata mbwa anambwekea kama anayekaribisha mgeni. Kabati la mwisho lina kapu lake, limelala upande. Analiinua, na sakafu inaondoka.

Anaamka shavu limenata kwenye kadi. Saa ya ukutani inasema saa nane na dakika tano. Kabati la kioo liko wazi, lebo haipo, ufunguo umo mfukoni mwake alimouweka, na kucha zake zina gundi. Hakai kulifikiria hilo. Anachukua kapu, anatoka bila koti, anakata mitaa mitatu ya majani mekundu na kubisha hodi kwa ngumi. Kiju' anafungua. Mwanamkasi anamtazama usoni kwanza, kuhakikisha uso upo.

La kwanza, anasema, analisukuma mbele. Nilikosea. Lichukue kabla sijabadili mawazo. Kiju' analigeuza, anachungulia ndani, anachungulia chini. Limepinda, anasema. Najua. Limeinama kama mtu anayesikiliza umbea ukutani. Najua, Kiju'. Wela'lin, anasema Kiju', na hiyo ni asante, na Mwanamkasi anashangaa kwamba kuisikia kunamchoma macho. Kiju' analitundika kapu mkononi, anachukua koti, wanashuka ngazi pamoja, na njiani anamuuliza kama mbao za kapu la pili zimekwisha kulowekwa, na Mwanamkasi anasema bado, na Kiju' anasema, ningeshangaa. Kisha anatia mkono mfukoni, anasita, anaunusa mkono wake. Unanuka machungwa. Hii Muheza yako, anasema, nikurudishie sasa, au niendelee kukaa nayo?

Kaa nayo mpaka wageni waondoke, anasema Mwanamkasi, maana mtu wa kazi hujibu kwanza, hushangaa baadaye. Ndipo anapotazama saa yake ya mkononi. Saa nane na dakika tano. Mbele yao barabara inapinda, na nyuma ya dirisha la nyumba ya kona kuna mbwa, anamtazama kama anayehesabu.