Mwanafunzi Haoni Kabla ya Mwalimu

Palikuwa na dola ya nguchiro, na yamkini ipo hata leo, maana dola za namna ile hazifi upesi. Makao yake yalikuwa kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, na Mfalme wake alilala shimo la chini kabisa, mahali ambapo hatari hufika mwisho. Lakini aliyeitawala dola ile hasa alikuwa Mlezi Mkuu.

Hakuna mkubwa ambaye hakupita mikononi mwake. Mfalme alifundishwa naye kuvunja yai. Waziri wa Mashimo, Spika wa Baraza, hata mpiga mbiu, wote walikuwa wanafunzi wake, na kila kikao kilifunguliwa kwa kutajana nani alilelewa naye mwaka gani, shughuli iliyokula nusu ya asubuhi. Nguchiro asiye na mlezi hakupewa hata kazi ya kuzoa taka.

Siwema, mlinzi wa kilele, naye alikuwa wake. Tai alimnyakua mama yake angali mchanga, na ni Mlezi aliyembeba kwa meno mpaka kileleni, akamwonyesha kinukta kinavyoelea angani. "Ukikiona kingali kidogo, piga kelele kubwa," alimwambia. "Ukingoja kikue, hutapata nafasi ya kupiga kelele." Siwema hakuwa na baba mwingine. Alimpenda mzee yule, na ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma kuliko yalivyomuuma mwingine yeyote.

Sheria ya ulinzi ilikuwa moja: mwanafunzi haoni kabla ya mwalimu. Mlinzi akiona kitu hapigi kelele. Hushuka, huinamisha kichwa, husema, "Mlezi, naona kwamba umeona." Mlezi akijibu, "Nimeona," ndipo mbiu inapolia. Zamani sheria hiyo haikumdhuru mtu, kwa kuwa Mlezi kweli alikuwa ameshaona. Siku hizi macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama utando wa yai. Dola nzima ilijua, na dola nzima ikafunika kombe mwanaharamu apite.

Asubuhi moja, watoto wakicheza juani, Siwema akakiona kinukta. Akashuka mbio.

"Shikamoo, Mlezi. Naona kwamba umeona."

"Marahaba." Mzee akainua uso, akaugeuza huku na huku. "Sijaona. Kwa hiyo nawe hujaona."

"Mlezi wangu, nakuomba, tazama upande wa jua."

"Mwanangu, macho hayo alikufundisha nani kuyatumia?"

Siwema angali anatafuta jibu lenye adabu, Tai alishuka. Alimchukua Kibwe, kitinda mimba wa dada yake, na kilio cha mtoto kikasikika kikienda juu.

Baraza likaitwa. Siwema aliomba jambo moja tu, mlinzi aruhusiwe kupiga kelele mwenyewe.

"Yaani unasema Mlezi hakuona?" Spika akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hakuona."

Baraza zima likaguna.

"Mimi nilikuwepo," akasema Waziri wa Mashimo. "Mlezi aliona vizuri sana. Alichokiona ni kwamba hapakuwa na Tai."

"Na Kibwe yuko wapi?"

"Mtoto yule hakuwa na nidhamu ya kukaa karibu na shimo."

Mfalme alimtazama Mlezi. Mlezi akakohoa. Mfalme akatamka kwamba sheria ibaki ilivyo. Siwema alitoka kwa hasira. Wakubwa wote wale walikuwa na macho mazima kichwani, na hakuelewa wanayafanyia kazi gani.

Tai akishaonja, hurudi. Alirudi, Siwema akamwona, na safari hii hakushuka. Alipiga kelele kwa pumzi zake zote. Watoto wakatumbukia mashimoni, wote, na Tai akaondoka na udongo mtupu kwenye kucha.

Siwema alidhani yamekwisha. Hakuijua dola yake. Baraza likakaa hata vumbi halijatulia.

"Kelele ile ilikuwa bora," Spika akasema. "Na wahenga walinena, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hiyo kelele ile ni ya Mlezi."

Makofi yakatikisa kichuguu. Mlezi Mkuu akavishwa kipande cha ganda la yai la mbuni, nishani ya juu kabisa. Kisha Siwema akashtakiwa kwa kutumia kelele ya Mlezi bila idhini yake.

Siwema akampita Spika. Alimwendea mzee.

"Baba, waambie. Uliniambia nikikiona kingali kidogo nifanye nini?"

Mzee alifungua kinywa. Siwema aliona kwamba anakumbuka, midomo yenyewe ilikuwa imeshaanza kuyaunda maneno yale. Lakini mzee akasikia wanafunzi wake wote wametulia wakimsubiri, akaipapasa ile nishani shingoni.

"Sikumbuki kusema hivyo," akasema.

Siwema akavuliwa kilele, akafukuzwa. Nafasi yake akapewa mpwa wa Waziri, kijana mwenye adabu nyingi sana. Siwema akaenda kuishi katika kichuguu kidogo ng'ambo ya bonde, na dada yake akamfuata na watoto wake waliobaki. Huko akaapa kwamba hatafungua kinywa tena kwa ajili ya watu wale. Waliyataka wenyewe.

Kiapo hakikudumu. Kulipopambazuka siku moja aliona vinukta viwili, Tai na mwenzake, juu ya kichuguu kikubwa. Uwanjani watoto walikuwa wakicheza. Kileleni mpwa wa Waziri alikuwa ameanza kushuka taratibu, kichwa amekiinamisha tayari. Siwema alitukana, akalia, kisha akapiga kelele hata koo likamchubuka.

Sauti ilivuka bonde, ikafika. Watoto waliacha mchezo. Mama zao wakasimama. Waziri akasimama, Spika akasimama, hata Mfalme akachungulia kutoka shimoni. Wote walisikia.

Kisha wote wakamgeukia Mlezi Mkuu, wamwulize kama wamesikia.