Mtaa wa Mwisho Kwenye Orodha

Wenzangu kazini waliniita Pilipili, na sikuwahi kuwauliza kwa nini, maana sababu nilikuwa naijua. Mtu akiniambia chandarua chake kimo kabatini kwa ajili ya wageni, nilikuwa namuuliza kama mbu wake nao wanasubiri wageni. Daktari alinionya mara mbili kwamba mdodosaji huuliza na kuandika, hahubiri. Tulimwita Daktari ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, na yeye ndiye aliyeongoza utafiti wetu.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Mwaka uliotangulia, kila kaya ilipewa vyandarua vyenye dawa ya kuua mbu, kimoja kwa kila watu wawili. Sasa tulipita nyumba hadi nyumba tukiuliza vipo vingapi, vingapi vimetundikwa, na nani alilala ndani usiku wa kuamkia leo. Sehemu nyingi majibu yalikuwa ya kawaida. Mtaa mmoja tu ndio uliomnyima Daktari raha, safu mbili za vyumba nyuma ya tanuri la matofali. Kaya thelathini na moja, vyandarua vyote vipo, na karibu vyote vimerudishwa kwenye pakiti zake. Hawakuviuza, hawakuvifanya nyavu za samaki wala uzio wa kuku. Walivifunga vizuri wakaviweka juu ya kabati.

"Uelewa mdogo wa jamii," alisema Daktari, akivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati. "Ripoti inaondoka Ijumaa. Rudi pale, kaa nao, zungumza nao kwa kirefu. Usipoleta sababu nyingine, naandika hiyo."

Mimi na yeye tulijua maana yake. Mtaa wenye uelewa mdogo huletewa mabango. Vyandarua hupelekwa kwingine.

Nilianzia kwa fundi cherehani, kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi na mashine yake nilikuwa naisikia tangu kona. Nilipiga hodi. Hakuinua kichwa mpaka alipoumaliza mshono, kisha akanitazama kidogo, akanisogezea kigoda. Mama mkwe wake alikaa sakafuni na ungo wa mchele, akichambua. Mtoto wa kike wa mwaka mmoja na ushee alikuwa amelala kwenye mkeka, shingo nyembamba, tumbo likipanda na kushuka. Juu ya kabati niliziona pakiti mbili.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Leo tena?"

"Leo sina maswali mengi. Nataka kujua tu kwa nini vile viko juu ya kabati."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Tulikitundika, dada. Jioni ile ile tuliyopewa. Asubuhi mtoto kaamka uso umevimba, mwekundu, macho yanatiririka machozi. Alikuwa na miezi mitano. Nikapiga kelele mtaa mzima ukajaa hapa. Tukasema hii dawa ni sumu. Kila mtu akaenda kushusha chake."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema mzee bila kuacha kuchambua.

"Hamkuambiwa mkitandaze kwanza kivulini?" nilimuuliza. "Siku nzima, nje ya pakiti, dawa ipoe?"

"Tuliambiwa tukitundike leo leo. Yule mama aliyetugawia alituvunja mbavu. Alisema mbu hawasubiri."

Kalamu ya tableti niliyojazia majibu ilinidondoka, nikainama kuiokota, na nikachelewa makusudi kuinuka. Maneno yale yalikuwa yangu.

Siku ya ugawaji mgawaji nilikuwa mimi. Foleni ilianza asubuhi kwenye uwanja wa shule, na kila mtaa ulioitwa nilisimama nikaueleza yote, hatua kwa hatua, mpaka sauti ikakauka. Alasiri wingu likatanda, dereva wa lori akaanza kupiga honi, na kwenye orodha ulibaki mtaa huu tu. Nikayaruka maelezo yote. Nikawaambia, "Kitundikeni leo leo, mbu hawasubiri," wakacheka, nami nikafurahi walivyocheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Halafu mtoto?" niliuliza.

"Miezi miwili baadaye alishikwa na malaria. Siku nne hospitali, akaongezewa damu. Tangu hapo kula kwake ni kwa kubembelezwa." Akamtazama mwanawe. "Mvua zimeanza tena. Naogopa mbu, na naogopa neti. Niambie wewe, nichague kipi?"

Mimi, Pilipili, nilishukuru, nikaaga, nikatoka. Nilipita nyumba nyingine tano za safu ile na zote zikanipa jibu lile lile, wengine wakicheka bado wakikumbuka utani wangu.

Ofisini nilikaa kwenye benchi la nje kwa muda mrefu. Nina watoto wawili na mume sina. Kazi hizi za msimu, kugawa na kudodosa, ndizo zinazotulisha. Ningeweza kuandika "waliogopa dawa", na usingekuwa uongo. Ndiyo maana nilitamani sana kuyaandika. Lakini kila nilipoyafikiria maneno hayo niliuona mtaa mzima umebeba mzigo wangu kichwani bila kujua ni wa nani. Mficha uchi hazai. Nikaingia nikamweleza Daktari yote, mpaka honi ya lori.

Alisikiliza bila kunikatiza. "Nikiandika kwamba maelekezo hayakutolewa, wataniuliza nani aligawa," alisema. "Na nitajibu. Msimu ujao sidhani watakuita."

"Andika."

"Una hakika?"

"Daktari, nikikaa hapa dakika mbili zaidi sitakuwa na hakika. Andika sasa."

Akaandika. Nilidhani ningejisikia mwepesi. Nilijisikia aibu vile vile, na nikaona kwamba ripoti haitundiki chandarua. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku ya pili na yule mtoto alikuwa bado analala wazi.

Kesho yake nilirudi kwa fundi bila tableti. Nilikataa kigoda, nikasimama.

"Aliyewaambia mkitundike leo leo ni mimi," nilisema. "Maelezo nilikuwa nayo. Nilichoka, nikayaruka. Naomba radhi."

Mzee aliacha kuchambua. Fundi hakuacha kushona. "Najua," alisema. "Nilikujua kwa sauti, tangu ulipopiga hodi mara ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Mwenye kuandika ulikuwa wewe. Nilitaka nijue utaandika nini."

Nilimwambia nilichoandikisha. Hapo ndipo alipouondoa mguu kwenye cherehani. Alipanda kwenye stuli, akashusha pakiti moja, akanipa. "Fanya kama ulivyotakiwa kutufundisha."

Nikakitandaza kwenye kamba ya uani, upande wa kivuli, na majirani wakatoka kutazama. Nikawaeleza wote, polepole, bila utani hata mmoja. Kilikaa pale mpaka kesho yake alasiri. Niliporudi nilikikuta kimeshatundikwa juu ya kitanda, kimechomekwa chini ya godoro pande zote, na wanawake wanane wamejaa chumbani.

"Ingia," alisema fundi.

"Mimi?"

"Mwanangu alianza mara ya kwanza. Sasa anza wewe. Vua kilemba, uso uguse neti."

Watu wengine wangenicheka. Hawa hawakucheka. Nikavua viatu na kilemba, nikalala kwenye kitanda cha mtu nisiyekuwa ndugu yake, shavu kwenye chandarua, nikazungukwa na macho. Niliogopa, nakiri. Nilijua dawa imeshapoa, lakini niliogopa nisije nikajikuna kwa jasho tu na kuuharibu mtaa mara ya pili. Mzee alikuwa akiangalia saa ya ukutani. Saa nzima hakuna aliyetoka.

Fundi akafunua chandarua, akanishika kidevu, akanigeuza uso upande wa dirishani, kushoto, kisha kulia. Akapitisha kidole shavuni kama anayechagua nyanya. Kisha akamchukua mtoto mgongoni kwa mama mkwe wake, akamlaza pale pale nilipoinuka, akachomeka chandarua chini ya godoro kwa mkono wake mwenyewe.

"Bado sijakusamehe," aliniambia, sauti ya chini, mtoto asishtuke. "Lakini nenda na hawa. Wanataka ulale kwanza na ndani ya vya kwao."