Sufu Kwenye Ngazi

Asubuhi ile hakuna aliyeruhusiwa kutumia ngazi ya nyumba. Msokotaji alikuwa ametandaza sufu yake kwenye kila kidato: manjano juu kabisa, halafu chungwa, nyekundu, zambarau, mpaka bluu iliyokolea kule chini. Alikuwa ameitia rangi kwa mikono yake mwenyewe, akaianika, akaichambua mpaka ikawa nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya imehama. Kilichobaki ni kuisokota kwa mpangilio huohuo, uzi uanze na rangi moja na kuishia na nyingine bila mtu kujua uligeuka wapi. Ukichanganya tonge moja tu, kazi yote imekwenda na maji. Na kwa nini ngazini, jamani? Kwa sababu mezani alilala paka, kitandani alilala mume, na nyumba nyingine hana.

"Hakuna kukanyaga!" aliwatangazia.

Mume alishaamka, na chumba chao kilikuwa hukohuko chini, kwa hiyo hakujali. Aliyebaki juu ni mama mkwe.

Huyu mama mkwe alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwanamke wa kilo zake, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Tangu msokotaji aolewe hajawahi kumsifu. Mapazia yake, si mabaya. Wali wake, si mbaya. Hata mjukuu aliyemzalia, mtoto mzuri ajabu, alimkagua juu mpaka chini akasema, "Si mbaya."

Na leo alikuwa anahamia kwa kitinda mimba wake, ahame kabisa. Msokotaji alitaka kumpa uzi huo aondoke nao, na kabla mlango wa teksi haujafungwa alisikie neno "nzuri," walau mara moja. Alilitaka neno hilo mpaka akajionea haya. Mara ya mwisho alipomwonyesha uzi wa majaribio, mama mkwe aliweka kidole pale manjano ilipokutana na nyekundu. "Hapa umetia kiraka," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Honi ya teksi ikalia nje.

"Mwanangu, mimi nashukaje?" sauti ikatoka juu.

"Subiri kidogo, mama, niikusanye!" Akakimbilia jikoni kutafuta sinia.

Aliporudi, sinia lilimponyoka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kidato cha mwisho, mkoba kifuani, na ngazi yote nyuma yake ilikuwa tupu.

"Mama! Sufu yangu!"

"Si umesema nisikanyage? Nimekanyaga?"

"Hapana, lakini..."

"Nimekaa. Kidato kimoja kimoja, na adabu zangu zote."

Akainuka. Lo! Sufu yote ilikuwa imeng'ang'ania gauni lake zito la safari, nalo la sufu vilevile, pale mahali ambapo mkwe mwenye heshima zake hatakiwi hata kupatazama. Mume akageukia ukuta, mabega yakimcheza. Msokotaji machozi yalimlengalenga. Kisha akainama, akatazama vizuri. Bluu ilikuwa nje. Chini yake zambarau. Chini ya zambarau, nyekundu. Mama wa watu alikuwa ameikalia kwa mpangilio!

"Mama, tafadhali, usikae tena. Shika meza."

"Nishike meza nifanye nini?"

"Utulie tu."

Akasogeza gurudumu lake la kusokotea nyuma ya mama mkwe, akachomoa nyuzinyuzi za bluu, akaanza kukanyaga pedali. Honi ikalia tena.

"Dereva nimwambie nini?" mume akauliza.

"Mwambie nasokotwa," mama yake akajibu. "Na wewe mwenzangu, vuta polepole, unanifinya!"

Gurudumu likazunguka. Bluu ikaisha, ama haikuisha, msokotaji hakujua, maana ghafla vidoleni alikuwa na zambarau. Ule uzito wote, ukishuka kidato kwa kidato, ulikuwa umeisukuma kila rangi ndani ya jirani yake. Alipofika kwenye manjano alikuwa anacheka peke yake.

Mama mkwe akajipangusa gauni, akachukua uzi, akaenda nao dirishani. Kidole chake kikatembea juu ya uzi, kikarudi, kikatembea tena, kikitafuta kiraka. Hata paka akaacha kujilamba.

"Nyekundu inaanzia wapi?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui." Akautazama tena, kwa muda mrefu. Halafu akatazama uani, ambako sufu ya kijani ilikuwa ikining'inia kwenye kamba, bado mbichi.

"Mwambie dereva aende zake," akamwambia mwanawe, akivua viatu vya safari. "Ile ya kijani ikikauka, nani ataikalia?"