Alama za Mkaa Ukutani

Kathini alikuwa mrefu kumshinda Sella, na hilo ndilo lililomuuma. Katika timu ya voliboli ya kanisa lao katika mtaa wa mabanda wa Laini Saba, wote wawili walikuwa washambuliaji, lakini mpira ukiinuliwa, watu walilitaja jina la Sella. Msichana mfupi, akiruka kiwiko kinapita neti, na uwanja mzima unapiga kelele.

Vurugu za uchaguzi zilipolipuka, chumba cha kina Sella kilichomwa. Wazazi wake walipata basi lililosindikizwa na polisi, wakarudi Kakamega. Yeye alikataa kuondoka. Kamene, shangazi yake Kathini aliyeuza mboga mtaa wa Kawangware, akawatoa wasichana wote wawili Laini Saba wakakae kwake hadi vurugu zitulie.

"Tutabanana tu," alisema.

Bila uwanja wala viatu vya maana, Sella alianzisha mazoezi nyuma ya ploti, jengo la vyumba vya kupanga alikoishi shangazi. Asubuhi walichuchumaa na kusimama mara ishirini, kila mmoja amekumbatia mtungi wa maji wa lita kumi. Walipanda ngazi za saruji kwa kuruka, miguu pamoja. Kisha wakaruka kamba ya katani.

"Ukitua, tua polepole, bila kelele," Sella alimwelekeza. "Magoti yasigongane."

Mwishowe walipaka vidole mkaa, wakaruka, wakagusa ukuta. Alama ya Sella ilikuwa juu kwa vidole viwili.

Kathini aliona wivu hata kwa mambo yasiyofaa kuonewa wivu: blanketi zito alilopewa Sella kwa sababu amepoteza kila kitu, na sauti ya shangazi iliyolainika akimwita. Sella akienda kupanga foleni ya unga wa msaada, Kathini alibaki akiruka peke yake hadi mapaja yakatetemeka. Baada ya wiki tano alama yake ikapanda vidole vitatu. Akamwita Sella aone.

Sella alishangilia kwa dhati, akapaka mkaa, akaruka. Vidole vinne juu ya Kathini.

"Tunapanda!" alisema.

Kathini aliingia ndani.

Mwishoni mwa Februari, Kocha Kageha wa timu yao ya kanisa alipiga kwenye simu ya shangazi, Kathini akaipokea. Timu ya kiwanda fulani ilitaka mshambuliaji mmoja, na atakayechaguliwa angepewa kazi. Majaribio yalikuwa Jumamosi, Riruta.

"Umwambie Sella."

"Sawa, coach."

Hakumwambia. Jumamosi alisema anaenda kumsalimia rafiki. Uwanjani kocha aliuliza, "Sella ako wapi?"

"Ako mgonjwa."

Siku hiyo aliruka kuliko alivyowahi kuruka. Kwa mara ya kwanza kelele zilikuwa zake, akazifurahia. Wakaandika jina lake.

Lakini kocha, kwa huruma, alipiga simu kumpa mgonjwa pole. Kathini aliporudi, Sella alikuwa ameketi kwenye ngazi.

"Niko na ugonjwa gani?"

Kathini alijaribu kumpita aingie ndani.

"Waliochoma nyumba yetu siwajui," Sella alisema. "Wewe nakujua."

Alikusanya nguo zake, akahamia kwa binamu yake Bridgit, mtaa wa Sarang'ombe. Siku mbili nzima shangazi alimpakulia Kathini chakula, kisha akaenda kula nje peke yake, na hilo lilimwelemea Kathini kuliko matusi. Jumatatu alimtafuta kocha, akamweleza yote.

Majaribio yalirudiwa Alhamisi, wao wawili tu. Kathini aliruka kwa nguvu zote, maana hakutaka kumpa Sella nafasi kama zawadi. Sella alimpita, akachukuliwa.

Mwezi wa Aprili Kathini alienda kutazama mechi ya kiwanda. Kila Sella alipopaa na umati kupiga mayowe, wivu ulimchoma vilevile. Hata hivyo alikaa hadi mwisho, kisha akashuka hadi kando ya uwanja.

"Niaje, Sella."

Sella alijifuta jasho, akamgeukia.

"Poa," alisema, akampa mkono, kisha akawafuata wenzake.