Injini ya Siku ya Kulungu

"Kwa mambo ya injini, mji mzima wa Hamtramck hakuna wa kunigusa," alijigamba Florentyna Wrobel, akipangusa unga mikononi. "Nazijua zote. Kuna ile ya mbele, na… basi, ndiyo hiyo."

Odessa Pruitt, mkaguzi wa chama cha magari ya zamani, alicheka na kurudisha kurunzi chini ya boneti. Gari lilikuwa la mwaka 1969, rangi ya chungwa, mngurumo wa kuamsha maiti. Kazimir, mume wa Florentyna na mstaafu wa kiwanda cha magari, alilinunua jipya akalienzi kuliko mke. Sasa ana miaka themanini na moja, macho yanafifia, na gwaride la Agosti ndilo lake la mwisho kushika usukani. Alitaka mstari wa mbele, na huko halikai gari ila lenye injini iliyozaliwa nalo. Yeye aliapa ni yenyewe. Ukimuuliza amejuaje, anakohoa.

"Mzee Kaz, pana neno," Odessa alisema. "Tarehe iliyogongwa hapa ni Novemba kumi na tano. Siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu! Nani Michigan alikuwa kazini? Wanaogonga namba bandia hunaswa hapahapa."

Kazimir akakohoa.

"Si una nakala za daftari la kiwanda kwenye hilo sanduku?" Florentyna alidakia. "Fungua, mwanangu, nisife na kiherehere changu."

Odessa alipekua, akalamba kidole, akapekua tena.

"Haya. Waliokosa kazini, mia mbili na kumi. Injini zilizotoka, nne tu. Ya tatu… ndiyo hii! Namba ileile! Mzee, mstari wa mbele ni wako!"

Ajabu, Kazimir hakurukaruka. "Vizuri. Funga sanduku, mvua inakuja."

Mbingu zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Florentyna akavaa miwani, akainamia nakala.

"Hapa pembeni, aliyegonga namba ni nani? K… Wrobel."

Sebuleni zilining'inia pembe za kulungu, zawadi ya Kazimir kwa mkewe. Kila Krismasi, tangu mwaka waliooana, Kazimir alisimulia alivyomnyemelea thelujini alfajiri ya siku ileile, mwaka uleule.

"Kaz," mkewe aliita taratibu, "kulungu wangu ulimpigia wapi?"

Kazimir alitazama boneti, akatazama mbingu.

"Alipita kwenye geti la kiwanda, mama."