Msomaji Mtiifu

Barua ya kwanza ilikuja kwenye karatasi iliyowahi kukunjwakunjwa, kisha mtu mwenye subira akainyoosha kwa kiganja mpaka ikakubali kulala. Iliandikwa kwa penseli: "Nimefanya ulivyosema. Nguo zimekaukia mwilini. Nimekohoa siku tatu, lakini nadhani dunia imepata nafuu kidogo. Ni mimi, msomaji wako mtiifu."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kila Ijumaa huandika safu ya mazingira gazetini, tena ya kuchekesha, maana mhariri wetu anaamini watu wamechoka kuambiwa kwamba dunia inakufa. Basi huwashauri waoge kwa kikombe kimoja cha maji, na yakibaki wapigie mswaki. Wazime jokofu walifanye kabati la viatu. Nguo wazikaushe kwa kuzivaa. Mwenyewe sifanyi hata moja, mganga hajigangi. Huandika kwa mkono, upande mmoja tu wa karatasi, na sentensi ikinikera huikunjakunja karatasi nzima na kuitupa kapuni.

Barua ziliendelea kuja kila Jumatatu, nikazizoea. Jokofu limezimwa. Kikombe kimoja kimetosha. Kisha ikaja wiki niliyokaukiwa na mizaha, nikaandika harakaharaka: "Asiyechafua dunia hata chembe ni yule asiyekuwepo. Jaribuni kupungua kidogo kidogo." Mhariri alicheka, nami nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu ikaja hii:

"Nimeanza. Kwanza nimegawa sahani, nikabaki na moja. Kisha nimeacha kuongea, kwa kuwa pumzi nayo ni hewa chafu. Alhamisi nilisimama mlangoni mwako, nawe hukuinua kichwa. Nadhani inafanya kazi."

Safari hii sikucheka. Niligeuza karatasi. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, sentensi nilizozitupa wiki iliyopita, na duara la kikombe changu cha chai. Nikazitoa barua zote kwenye mtoto wa meza, nikazigeuza. Zote zilitoka kapuni mwangu.

Nilimkimbilia mhariri.

"Nani anamwaga takataka zetu?"

"Si yule mama wa usafi?"

"Yupi?"

"Yule... wa siku zote." Alijikuna kwa kalamu. "Mnene kidogo? Au mwembamba? Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Anaitwa nani?"

Mhariri, ambaye hukumbuka makosa ya tahajia ya miaka kumi iliyopita, hakulikumbuka jina.

Nikamwendea mlinzi wa getini. "Huwa anaingia alfajiri," alisema. "Ila siku hizi simwoni akiingia, kaka. Naona tu ndoo imehama. Asubuhi iko huku, baadaye iko kule."

"Na hukushtuka?"

"Sakafu si inang'aa?"

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Miaka sita mtu alikuwa amenipangusia meza, akaokota nilichotupa na kukisoma kwa moyo wake wote, nami sikuwahi kumtazama usoni. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu kama amepotea, ni mimi niliyempoteza. Ijumaa ile sikuandika kichekesho. Niliandika: "Msomaji wangu, ule ulikuwa mzaha. Dunia inakuhitaji mzima mzima. Rudi." Mhariri alisema haichekeshi, lakini aliipitisha.

Jibu lilikuja kwenye kipande kidogo kama tiketi. Penseli ilikuwa imefifia kiasi kwamba niliisoma dirishani, nikiinamisha karatasi kwenye mwanga. "Nimesoma. Nataka kurudi. Sijui mtu huanzia wapi."

Kesho yake nilifika kabla hakujapambazuka vizuri. Mlinzi alinifungulia bila kuuliza. Ofisi ilinuka sabuni. Ndoo ilikuwa katikati ya ukumbi, maji yake yakitikisika bado, na pale mbele yangu sakafu ilikuwa ikilowa. Ililowa ukanda mmoja, ukang'aa, kisha ukanda wa pili, kushoto kwenda kulia, kwa mwendo wa mtu anayeijua kazi yake. Hapakuwa na mtu. Miguu ilitaka kurudi ilikotoka.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kuomba radhi. Yote ilinitoka kichwani. Nilivua viatu nisimchafulie, nikavishika mkononi, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Maji yalisimama.

Soksi zangu zilikuwa zikilowa. Kisha, karibu sana na nilipokuwa nimesimama, nikasikia mtu akivuta pumzi na kukohoa kidogo, kama anayelitafuta neno ambalo hajalitumia siku nyingi. Sikuinua kichwa. Nilingoja.