Namba Iliyopanda Tena

Maabarani walimwita Mama Namba, kwa kuwa hakuna tarakimu iliyopita mbele yake bila kuhojiwa. Siku hiyo karatasi ilipotoka kwenye mashine, aliikodolea macho mpaka akasahau kuketi. Elfu kumi na nane. Damu ilikuwa ya wifi yake, mke wa mdogo wake.

Wifi huyu, fundi cherehani mwenye mdomo usiojua likizo, alishika mimba iliyomtapisha kutwa kucha. Tumbo la wiki kumi likawa kama la miezi mitano. Mama Namba ndiye aliyempima damu: homoni ya mimba ilivuka laki tatu. Picha ikaonyesha vifuko tele kama kichala cha zabibu, mtoto hakuwepo. Daktari akaeleza kwamba mimba zabibu ni za aina mbili. Ile nusu huwa na dalili za kijusi, na mara nyingi homoni haipandi sana. Ile kamili haina mtoto kabisa, na homoni yake hupaa. Namba ilielekeza kwenye kamili, na mabaki yaliyosafishwa kutoka mfuko wa uzazi yalipochunguzwa yakathibitisha hivyo.

Tangu hapo walimpima kila wiki, maana namba ikigoma kushuka, au ikishuka kisha ikapanda, huenda mabaki yamegeuka kuwa saratani. Yake ilishuka kwa adabu, na baada ya wiki tisa ikafika chini ya tano, yaani kawaida. Daktari akasema wasubiri miezi sita ndipo watafute mtoto, huku akipimwa kila mwezi. Mwezi uliopita ilikuwa bado chini ya tano. Leo, elfu kumi na nane.

Alirudia kipimo. Akakagua lebo ya chupa mara tatu, akiomba kwa siri awe yeye mwenyewe ndiye aliyekosea, jambo ambalo hajawahi kuliomba maishani. Namba ikatoka karibu ile ile. Aliogopa, tena sana. Homoni hiyo haisemi kama ni ugonjwa au mimba mpya. Akampigia daktari, naye akaagiza picha mchana huo huo.

Wifi alifika na mumewe, mchomeleaji ambaye mikono yake ilikuwa bado na masizi. Mama Namba aliwangoja mlangoni.

"Wifi, niambie kweli. Mlisubiri miezi sita?"

"Tulisubiri yote, tukaweka na alama kwenye kalenda, tangu siku niliyosafishwa. Iliisha kama wiki tano zilizopita."

Mama Namba akashika kiuno. Miezi sita huhesabiwa tangu namba iliposhuka chini ya tano, si tangu kusafishwa, kwa hiyo hawa wawili wamewahi miezi miwili. Mdogo wake alipoanza kujitetea kwamba yeye na hesabu hawapatani, akaambiwa anyamaze, maana anayepima vyuma kwa milimita hashindwi kuhesabu miezi, na haraka haraka haina baraka. Lakini alipokuwa akiwafokea, tumaini kwamba ni mimba tu lilimpanda, na hakulikataza.

Katika chumba cha picha, daktari alipitisha kifaa tumboni. Kila siku Mama Namba huwaambia watu wasubiri majibu, wala hakuwahi kujua kwamba kusubiri kunakausha mate hivi.

"Haya hapa mapigo," daktari akasema. "Yuko mmoja, ndani ya mfuko wa uzazi, na sioni zabibu."

Kwenye kioo palikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya maharage, kikidundadunda bila kuchoka. Wifi alicheka, akalia, akacheka tena. Daktari aliwakumbusha kwamba vipimo vitaendelea hadi baada ya kujifungua, na wote wakaitikia kama wanafunzi.

Mama Namba alikusudia kuwakaripia kwa mara ya mwisho, akaghairi. Akamkumbatia mdogo wake, masizi yakahamia kwenye koti jeupe.

"Akikua mwambieni," akasema, "habari zake shangazi alizipata kabla ya mama yake."